Chai ya Rangi

Baba, Fundi Bwanaheri, ana sufuria mbili:
moja ya kunywa, moja ya kuzeesha.
Kiti alichokimaliza Jumanne
hukinywesha chai ya rangi, majani nusu kilo,
kisha masizi, nta, na vumbi la uani.
Ijumaa mgeni hukipapasa akauliza,
"Hiki kimekaliwa na masultani wangapi?"
Baba hasemi uongo. Hutabasamu tu.

Nikaajiriwa kushika pamba na kibakuli
kwa Bi Ornela, barabara ya Kasuarina,
chumvi ya Malindi ilipoanza kuila picha ya babu yake:
mwanamke mwenye limau,
kahawia tupu, kama aliyezama mtungini mwa asali.
Wageni wa Jumapili walisimama mbele yake na glasi zao,
wakinong'ona: ona mwanga wa dhahabu, wa mabingwa wa kale.

Fabricio, fundi aliyeletwa kwa ndege,
alilowesha pamba kwa mate yake mwenyewe
na kusimulia akifuta, kama baba akichonga.
Gundi ya ngozi ya sungura. Jasi, tabaka nane.
Buluu ilikuwa jiwe la milima ya Waafghani,
lilipimwa kama dhahabu; mkataba ulitaja
ratili ngapi za joho, na nani atalipa.
Na bingwa mwenyewe?
Uso. Labda limau.
Joho ni la vijana waliolala chini ya meza,
waliosaga jiwe hadi wakakohoa buluu.
Jina likaandikwa moja.

(Mlango wa baba ulioko hotelini Lamu,
majani yake nilichonga mimi, nina miaka tisa.)

Siku ya kumi na moja kahawia ikaisha.
Ilikuwa vanishi tu, ya karne ya juzi:
mchuuzi aliipaka makusudi,
maana wanunuzi waliujua ukale kwa giza lake.
"Sufuria ya pili," nikasema.
Fabricio hakuelewa.

Chini yake buluu ya kupiga kelele,
limau bado bichi ubavuni,
na kwenye pindo la joho, alama ya dole gumba,
dogo, la mtoto,
aliyegusa rangi haijakauka.
Nikaliweka langu juu yake, hewani. Sikugusa.

Mbodze akaja kutoka jikoni, mikono ina povu:
"Kumbe msichana! Siku zote nilidhani ana homa ya manjano."

Bi Ornela akaketi, akalia kama mfiwa.
"Huyu simjui. Babu hakumpenda huyu."
Kisha akanishika kiwiko:
"Baba yako... ile dawa ya viti..."

Usiku nikamfikishia baba ombi.
Akacheka mpaka akafuta macho.
"Mimi nazeesha vipya. Huyo ana miaka mia nne
na ameoga leo. Mwacheni akauke."
Nikamwambia habari ya dole gumba.
Akanyamaza. Akanimiminia kikombe,
cha sufuria ya kwanza,
na kwa mara ya kwanza akauliza
majani yale, ya mlango ule,
yalinichukua siku ngapi.