Shahidi wa Pili

Saa nne na robo, Mtaa wa Rwagasore, juu ya duka la nyavu.
Wakili Ng'wandu amefunga dirisha, pikipiki zimebaki nje,
korongo mmoja amesimama juu ya bati
kama mtu anayesubiri kuitwa jina.
Mimi ni Kalekwa. Napiga chapa, nachemsha chai,
na leo nimeambiwa: keti hapa, wewe ni shahidi wa pili.

Kwenye kioo yuko Bibi Nyabise, Bukindo, ng'ambo ya maji,
saa tatu na nusu kwa meli, ikiwa meli imeamka vizuri.
Anatufikia vipande vipande:
kwanza paji la uso, kisha sauti,
midomo inakuja baadaye, inahema.
"Mnanisikia?"
"Tunakusikia, mama."
"Mnanisikia?"

Hati ni kurasa tatu:
kwamba Musiba, mtoto wa marehemu kaka yake,
amepewa mamlaka juu ya shamba la michungwa,
kulitunza, kulikodisha na, neno dogo, mstari wa tisa, kuliuza.
Wakili anasoma polepole. Bibi anaitikia kila nukta,
hata pale pasipo na nukta.

"Sasa mama, dole gumba."
Naye, Mungu amweke, akalibandika kwenye simu.
Ofisi nzima ikawa nyekundu.
Sidhani kuna shahidi, tangu sheria izaliwe,
aliyewahi kuona dole kubwa namna ile:
mistari yake matuta ya mihogo yanayozunguka kilima,
nyuma yake jua la Bukindo, na damu.

Tukacheka. Akacheka naye,
kicheko chake kikatukuta tumeshanyamaza.
"Kwenye karatasi, mama. Kwenye karatasi."

Akavuta kisahani cha wino.
Mkono wa kushoto ukakandamiza karatasi isipeperuke,
wa kulia ukashuka, gumba mbele.
Picha ilitulia kuliko picha zote za asubuhi hiyo,
haitikisiki, haiyumbi,
wakili ameshafungua muhuri,
nami nikasikia sauti, kumbe ni yangu:

"Bibi, nani ameshika simu?"

Gumba likasimama hewani.
Kushoto, karatasi. Kulia, wino.
Hakuna aliyejibu. Kuku alilia mahali.
Pembeni ya meza nikaona, kwa mara ya kwanza,
kikombe cha pili, kinafuka mvuke.
Bibi Nyabise akainua macho, si kwetu,
juu kidogo ya kioo, pale ambapo mtu angekuwa na uso,
akatazama. Akatazama sana.
Kisha mtandao ukaanguka.
Au ukaangushwa. Hilo siwezi kuliapia.

Tumepiga mara sita. Hapatikani.
Wakili anasema fomu inauliza jambo moja tu:
umeona akitia dole?
Dole nimeliona, mheshimiwa,
jekundu, kubwa kama mlango,
ila halikuwa kwenye karatasi.

Muhuri umerudi sandukuni.
Kesho napanda meli ya asubuhi.
Wino nimeufungia ndani ya kopo la maziwa ya unga,
na nauli ya kwenda na kurudi
nimeibana katikati ya hati, kwenye mstari wa tisa,
nisije nikasahau pa kuanzia kumsomea.