Mita Sitini na Mbili

Fatina alikuja toka Kondoa na mabunda ya uzi wa sufu,
mwekundu, ule wa kufumia kofia za vichanga.
Akatandaza karatasi sakafuni, chumba cha mawe,
akachora kila kabati, kila dirisha, hata ndoo yangu.
"Historia ya vitu ninayo," akasema.
"Nataka yenu. Nani ni wa nani humu ndani?"

Tukatazamana kama watu walioulizwa umri.

Chedego wa getini akaanza, maana hana haya:
uzi wake ukaenda kwenye zeze lililokatika nyuzi.
Kwa zeze kama lile alimpata mke;
mke akaondoka, zeze likabaki.
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Bi Malogo wa tiketi, jiwe la kusagia:
alionyesha kovu la goti, basi.
Mhasibu akasema kazi yake hesabu, hana kitu humu.
Saa tisa tukamkuta peke yake
anafunga uzi kwenye kengele ya ng'ombe,
taratibu, ili isilie.

Mimi nafagia. Nilidhani sitafikiwa.

Rafu ya chini, nyuma ya mlango,
kipande cha mwamba, mviringo, kama mchi uliovunjika.
*Graniti. Sampuli ya kuchimba kisima. Mita 62.*
Lebo haitaji kijiji.
Kijiji ni chetu, mimi niko darasa la pili,
mashine inanguruma siku tisa nyuma ya kanisa,
baba kibarua, anabeba mabomba,
mama zetu wamepanga ndoo mstari hadi barabarani,
kila ndoo na jiwe ndani, upepo usiichukue.
Siku ya kumi wakatoa hiki. Kikavu.
Wakakiviringisha kwenye gazeti, wakawasha gari.
Ndoo zilikaa palepale wiki nzima;
hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa yake.

"Nikufunge wapi?" Fatina akauliza,
ameshika ncha ya uzi kama anayetunga sindano.
Nikamwambia mimi sina pa kufungwa, nazunguka kutwa.
Funga kwenye hiki kitambaa.

Maana kila asubuhi, kabla ya wageni,
nalipangusa jiwe lile na kitambaa kibichi.
Linanywa. Linakuwa jeusi, linang'aa,
kisha linakauka nikiwa nalitazama.

Baba yuko hai. Sijamwambia liko wapi.