Mkono wa Somoe

Jumanne, ukumbini kwa Mfaume, Newala,
ukungu bado haujatoka bondeni.
Watoto wanne wameketi wima,
kila mmoja na kipande chake cha boga,
kirefu kama kidole, kimechemshwa
hadi kinakubali kuminywa kwa gumba.

Wangu, Shazili, anakikagua chake
kama karani wa ghala na korosho za daraja la pili.
Anakipaka shavuni. Anamwonyesha kuku.
Mwishowe, kinywani.

Kisha uso unabadilika.
Macho yanajaa maji, ulimi unatoka,
anakohoa, anakohoa tena,
na kidole changu kimeshafika nusu ya njia.

Somoe ananidaka mkono.
Hasemi kitu. Ananishika tu, kwa nguvu,
kwa kiganja kilichoungua kwa kubangua.
Mfaume, baba pekee kati yetu
(mkewe yuko zamu hospitali),
anahesabu polepole: moja, mbili.
"Msikilize. Anayekohoa anapumua."
Tatu.

Boga linadondoka mkekani, limelowa.
Shazili analitazama.
Analiokota.

Ndipo nasikia kumbe sote wanne
tulikuwa tumebana pumzi.

Jioni mama mkwe atauliza
uji umekosa nini,
na kwa nini mjukuu wake ana boga sikioni.
Sina jibu litakalomtosha.
Nina alama nne za vidole kwenye kifundo,
na Jumanne ijayo, siku ya ming'oko,
itakuwa zamu ya Somoe kuogopa,
na yangu kushika.