Hatua ya Mwisho Iwe Fupi

Sisi tulimjua akiwa tayari hana farasi.
Alikuja uwanjani kwetu Kongowea na mkongojo wa mpera,
mfukoni sukari guru imefungwa kwa gazeti,
akaviangalia viunzi vyetu, mbao za vitanda vya bweni
zilizogongwa kwa misumari ya kuokota,
akasema: "Nani kawaambia mruke?
Kuruka si kazi yenu. Kazi yenu ni kufika."

Jina lake Ngumbao wa Dzombo, mtu wa Utange.
Wa miaka kumi na minne alianza kuzoa mavi
katika banda la Mwairishi mmoja pale Nyali,
Kokorani, walivyomwita watu wa mtaa,
mwekundu kama kamba aliyechemshwa,
ambaye kwao alifunza farasi kuruka nyua
katika mvua na tope la magotini,
mpaka mwaka mmoja watatu wakavunjika shingo
na matajiri wakawaondoa waliobaki, mmoja mmoja,
kama watu wanaotoka matangani bila kuaga.

Akaja Mombasa na tandiko moja na redio.
Jumamosi usiku redio ilimletea mbio za kwao,
sauti ikikatika, na Ngumbao mlangoni
hakuelewa neno, ila pumzi ya mtangazaji:
ikipanda, mbele kuna ua;
ikishuka, kuna aliyeanguka.

Huku hakukuwa na tope. Kulikuwa na joto,
na kupe, na nyasi kavu za kuletwa na lori
zikifika zimeota ukungu.
Walisuka ua kwa makuti, wakausimika mchangani,
wakanunua kwa mkopo farasi jike wa kijivu
aliyekataliwa Nairobi.
Wakamwita Deni.

Deni alikataa mara arobaini.
Kokorani alitukana kwa Kiingereza,
kikaisha, akaendelea kwa lugha ya bibi yake.
Ngumbao akavua viatu, akainama,
akazisoma kwato kwenye mchanga uliolowa:
hatua ya mwisho ilikuwa ndefu mno.
Mnyama alikuwa anaogopa mapema.
"Ifupishe hiyo," akamnong'oneza kwa Kigiriama,
wiki tatu, kila alfajiri maji yakipwa.
Wiki ya nne akapaa.
Wadai waliokuja kudai wakacheka:
tumezoea kurukwa na wadaiwa,
leo tumeona deni lenyewe likiruka.

Alishinda mara tano. Vikaratasi vya mbio nimeviona,
vimo ndani ya mkebe wa maziwa ya unga:
Mwenye farasi, jina. Mpanda, jina.
Mfunzi: Kokorani.
Ngumbao yumo kwenye picha, mkono tu,
umeshika hatamu, saa yake
inasema saa kumi na dakika tano.

"Ulikasirika?" nilimuuliza.
Akasema Deni aliumwa tumbo usiku ule,
wakatembea hadi asubuhi.
Hilo ndilo jibu alilonipa.

Kokorani alizikwa Mbaraki. Banda likawa hoteli,
kisha maegesho ya hoteli.
Deni alizeekea ufuoni, akipandwa na watoto wa wageni,
shilingi hamsini, asiruke kitu
ila povu.

Basi tukabaki sisi. Alitupigia ulimi, tk, tk,
nikamwambia, "Mimi si farasi, mzee."
"Ungekuwa farasi ningemaliza nawe mwezi jana."
Aliyeruka vizuri alipewa sukari guru.
Mwanajuma aliitupa kwa hasira,
akarudi jioni kuitafuta.

Siku ya kaunti nilikuwa wa nne.
Fomu ilikuwa na mstari: Kocha.
Mwalimu wa michezo alishatoa kalamu.
Nikaiomba. "Mzee, jina lako laandikwaje?"
Akaduwaa kidogo.
"Sijui. Liandike linavyosikika."

Nililiandika, likatoka nje ya mstari.
Hakulitazama. Alikuwa anatazama mguu wangu wa kushoto.
"Vua viatu. Tembea pale kwenye saruji,"
akasema, akafumba macho.
"Niusikie."