Kura ya Ghorofa ya Tisa

Juu wanabishana: injini na betri zilale chumba kimoja,
au injini ikazikwe?

Chini, Mitsuyo anapitisha kidole kwenye pistoni.
Ikizidi kwa unene wa unywele, anairudisha.
Betri haina pistoni.
Hakuna aliyemwambia hilo; amelijua mwenyewe,
akimenya chungwa saa ya mapumziko.

Saa kumi Mkurugenzi Okabayashi anashuka, tai imelegea.
"Zote mbili," asema. "Kwa miaka kumi."

Njia mbili zilimshinda fisi,
lakini Hamamatsu hakuna fisi, kuna hesabu:
Mitsuyo amebakiza miaka tisa kustaafu.

Anafuta mafuta mikononi, taratibu.
Pembeni yake Rikuto, mwanagenzi wa miaka ishirini,
anapiga makofi kuliko wote.