Visu vya Jumamosi

Kwa Lugembe, Mabatini, nyuma ya gereji,
hatuulizani mshahara. Tunaulizana chuma.

Nkwimba hukata minofu ya sangara kiwandani,
saa nane mfululizo, kisu cha kampuni chenye namba,
jioni anakirudisha getini kama mfungwa na jembe.
Chake kimo pochini, mpini wa pembe ya ng'ombe:
hakijawahi kunusa samaki.
Hukimenyea chungwa, ganda moja refu, halikatiki.

Bulugu analinda benki.
Bunduki ya mwajiri, kisu chake;
umwulize anaamini kipi,
anakunyoa vinyweleo vya mkono.

Mimi karani wa bili za maji.
Changu Lugembe alikifua kwa springi ya Scania
iliyokatikia Usagara na shehena ya pamba.
Wiki nzima kimefungua bahasha tatu.

Jana, kivukoni Kamanga, kamba ilimkaba mbuzi.
Watu: “Kisu! Nani ana kisu?”
Nikapapasa mfuko.
Kilikuwa nyumbani, kimelala kwenye mafuta,
kisishike kutu.
Muuza miwa akanipita
na kipande cha bati kilichoviringishwa mpira wa baiskeli.
Fyu. Mbuzi akapumua.

Leo nimewasimulia. Hakuna aliyecheka.
Nkwimba kaniuliza tu:
“Mafuta gani?”