Laini

Mwavuli wangu umechanika ubavu mmoja,
nimeufunga kwa uzi wa gunia la karanga.
Kiti, kimeza, mashine ya alama za vidole,
na ubao niliouandika mwenyewe: LAINI HAPA.
Stesheni ya Tabora iko ng'ambo ya barabara.
Ni Oktoba, mwezi ambao hata nyuki
hukufuata kwenye ndoo kuomba maji.

Akaja mtu na kofia ya sufi, jua lote lile,
akasoma ubao herufi kwa herufi,
akacheka kwa ufizi.
"Laini hapa? Laini ile kule!"
akaninyooshea reli kwa mdomo.
"Mimi Mlekwa Kasubi, genge la Igalula.
Miaka thelathini na moja nimeilaza,
nimeinyanyua, nimeipigilia.
Leo unaniuzia laini ya ukubwa wa ukucha?"

Hiyo ndiyo iliyopo, babu. Elfu moja.

"Na nyumba tulizokaa tuliziita laini.
Kifunguamimba wangu kazaliwa laini ya tatu,
mlango wa pili, usiku wa treni ya mizigo.
Waya wa stesheni masta, laini.
Siku ya mshahara tunapanga laini,
na mkorofi anatolewa laini."

Mimi nilikuwa namkumbuka Mwalimu Mayasa,
aliyetufundisha laini nyingine, iliyotangulia kufika,
isiyogeuka kwa mtu wala kwa kitu:
mtoto laini, ugali laini, maneno laini.
Hakuna mlaini. Hakuna vilaini.
Inaingia kila nyumba bila kuvua viatu.
Zikakutana vinywani mwetu hizi mbili,
moja chuma, moja pamba,
hazikuulizana ukoo.
Hata yule askari wa barabarani anaposema
"hebu nilainishie kidogo,"
sijui anaitaka ipi.

Weka kidole, babu.

Gumba la kulia: haisomeki.
Cha shahada: haisomeki.
Nikakigeuza kiganja chake kwenye mwanga.
Ncha zote zimelika, zinang'aa
kama mgongo wa reli unavyong'aa
pale gurudumu linapopita kila siku.
Hakuna mstari hata mmoja uliobaki.
Nyundo imefuta, kokoto zimefuta,
grisi imemalizia.

Nilitafuta neno jingine, sikulipata.
"Babu, vidole vyako vimekuwa laini mno."

Akavitazama kama vya mtu aliyemkopesha.
"Laini imevifanya laini,
kwa hiyo vinanyimwa laini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Nikajifanya naipangusa mashine.

Tukapaka mafuta. Tukafuta kwa upindo wa kanga yangu.
Tukangoja kivuli kisogee, labda ni joto.
Nyuma yake watu wakaanza kupanga
(niseme nini?) laini,
kijana mmoja akasonya, mama wa maandazi akamkemea.
Tisa vilikataa.
Cha kumi, kile cha mwisho cha kushoto,
kilibanwa na jeki mwaka sabini na tisa,
kikapinda, kisishike tena kitu chochote.
Mashine ikalia: ti.
"Kumbe," akasema, "mvivu ndiye aliyebaki na jina langu."

Hakuuliza bei ya vifurushi.
Alichomoa karatasi kutoka ndani ya kofia,
namba ya penseli, saba kama moja, moja kama saba.
Mara ya kwanza tukampata mwanamke wa Nzega, akatutukana.
Ya pili ikaita.
Akaishika simu kwa mikono miwili mbele ya mdomo,
akasimama wima, visigino pamoja:

"Ntahondi! Uvinza! Laini kilia?"

Kimya.
Nikadhani imekatika, nikanyoosha mkono.
Kikohozi. Kiti kikaburutwa huko kilikokuwa.
Kisha sauti kavu, yenye kutu,
isiyo laini hata chembe:

"Laini kilia, Tabora. Achia."